Shimo Ambalo Timazi Aliona Haya Kulichimba

Asubuhi, kabla jua halijaingia mtaroni, fundi Timazi amepiga magoti chini ya ukuta usio wake. Mkononi ana tochi ndogo. Anakagua vipande vya kioo alivyovigandisha kwa saruji juu ya ufa: kimoja karibu na ardhi, kimoja katikati, kimoja chini ya dirisha. Ukuta ukisogea hata kidogo, kioo hupasuka kabla jicho halijaona lolote.

Cha chini ni kizima. Cha katikati ni kizima. Anapanda juu ya ndoo iliyopinduliwa, anasogeza uso mpaka pua inakaribia kugusa plasta, na kwa muda huo hapumui.

"Bado umesimama," anasema, na kushuka.

Mumewe yuko nyuma yake, ameshika koleo ambalo leo halina kazi. Ndiye msaidizi wake. Kazini humwita "bosi", nyumbani "mama watoto", na akikasirika huyachanganya yote mawili. Leo hamwiti chochote. Saa nne mkaguzi wa kampuni ya bima atafika, na jibu atakalopewa na mwanamke huyu ndilo litakaloamua nani atabaki na chake, yeye au mzee mwenye ukuta.

Timazi si jina alilopewa na wazazi. Timazi ni ule uzi wenye kipande cha chuma ambao mafundi huuning'iniza kuona kama ukuta umesimama wima, na yeye alibandikwa jina hilo kwa sababu hawezi kuingia nyumba ya mtu, akaona picha imepinda ukutani, asiinyooshe. Ana miaka hamsini kasoro, mfupi, mabega mapana, sauti ya kuagiza zege kutoka upande wa pili wa barabara. Amechimba na kujenga misingi kwa zaidi ya miaka ishirini.

"Kazi yangu ikiwa nzuri, inafukiwa," anasema. "Wa kusifiwa ni yule anayepaka rangi. Mimi nikisikia watu wananitaja, najua kuna kitu kimeanguka."

Safari hii nusura kianguke kweli.

Kazi yenyewe ilikuwa msingi wa nyumba ya ghorofa, kwenye kiwanja kilichobanana na nyumba ya jirani. Mwenye kiwanja hakukubali sururu ishuke bila bima ya mali ya jirani: kazi ikiharibu nyumba ya pembeni kwa bahati mbaya, kampuni ndiyo itakayotengeneza. Gharama ya bima ilikuwa juu ya fundi, nayo ilimlia karibu robo ya faida. Mumewe alinung'unika kwamba dua ingefanya kazi hiyo hiyo, na dua haina ada.

Kampuni ilikuwa na sharti moja lililo zito kuliko mengine. Kabla ya kuchimba kando ya ukuta wa mtu, fundi achimbe kwanza shimo dogo miguuni pa ukuta huo, aone kwa macho yake msingi ni wa nini na umeshuka hadi wapi. Mafundi huliita shimo la ukaguzi. Ni kazi ya asubuhi moja, hata jasho halikolei.

Timazi hakulichimba. Haikuwa uvivu, wala haikuwa ujinga. Ni pale ambapo wengi wanaomcheka wangejikwaa vilevile, mwandishi wa habari hizi akiwemo.

Jirani ni mzee mmoja fundi cherehani, ambaye mtaa mzima humwita Mzee Pindo. Anaishi na mkewe, na bado anashona: kufupisha suruali, kubadili zipu, kutanua magauni ya watu walionenepa bila kukiri. Chumba chake cha kushonea, ambacho usiku ndicho cha kulala, ndicho kilichopakana na mtaro. Timazi alipokwenda kupiga hodi na kueleza kazi iliyomleta, alipokewa vizuri mno.

"Ukuta huu usiuogope, mwanangu," Mzee Pindo alimwambia, huku akiupiga makofi kama anayesifia ng'ombe mnadani. "Msingi wake ni wa mawe. Nilisimamia mwenyewe. Mawe yamefika hapa." Akaonyesha gotini.

Mkewe akadakia kwa fahari. Chumba hicho kilijengwa wakati yeye yuko kwao akimuuguza mama yake. Aliporudi alikikuta kimekamilika, hata pazia limetundikwa.

"Aliniambia, mke wangu, ukuta huu utatuzika sote," alisema. "Ndiyo maana mimi humu nalala usingizi wa kweli."

Sasa fundi afanye nini? Mzee ameshatoa neno mbele ya mkewe, na chai imeshamiminwa.

"Nishike sururu nikachimbe miguuni pa ukuta wake, kutafuta kama anasema kweli?" Timazi anauliza. "Ningekuwa nimemwita mwongo ndani ya nyumba yake. Nikaona haya. Nikasema, mtu mzima huyu, amesema ni mawe, basi ni mawe."

Wahenga walisema heshima si utumwa, lakini siku ile hakuwakumbuka. Alikunywa chai, akaaga, akaanza kuchimba mtaro.

Mtaro ulipokaribia nusu, alasiri moja, udongo wa upande wa jirani uliteleza. Haukuanguka kwa kishindo. Timazi anasema alisikia sauti ya kitambaa kinachochanwa taratibu, akainua macho, akauona ufa unapanda ukutani kutoka chini hadi dirishani. Ndani, Mzee Pindo alikuwa kwenye cherehani na mkewe amejilaza kitandani. Wote wawili walitoka wakiwa wazima, mzee bado na futi yake ya kupimia shingoni.

Timazi akarukia mtaroni, na alichokiona kikamkata maini. Tofali za kwanza za ukuta ule zilikuwa zimekalia udongo mtupu. Hapakuwa na jiwe hata la kutegea mlango.

Alipoinua uso, Mzee Pindo alikuwa amesimama ukingoni anamtazama. Wakatazamana. Kisha mkewe akafika, akihema, ameshika kifua.

"Afadhali ukuta una msingi wa mawe," alisema. "Ungekuwa wa kubahatisha, si tungezikwa humo ndani?"

"Nilitaka kusema," Timazi anakumbuka. "Nikamwona mzee amefumba macho kama mtoto anayesubiri kiboko. Nikameza."

Na muda haukuwepo. Aliwatuma mafundi wake wavute mihimili ya mbao kutoka upande wa pili wa kiwanja, wakauegemeza ukuta, kisha wakajaza udongo kwenye magunia, naye akayapanga mwenyewe pale chini ili ukuta ushikike. Kazi hiyo iliuokoa ukuta. Iliifunika pia siri ya mzee. Waliobaki wakiijua pale walikuwa wawili, na wa tatu mume wa Timazi, kwa kuwa mto wa kulalia ni mmoja.

Jioni ile alimpigia simu wakala aliyemuuzia bima. Ushauri ulikuwa mfupi, na Timazi anaukariri kwa sauti ya puani.

"Usikiri, usiahidi. Mkaguzi akikuuliza habari za msingi, mtaje mzee. Mwambie alikudanganya. Ukisema hukukagua, dada yangu, umejitia kitanzi mwenyewe."

Mambo yalikuwa wazi hata bila wakala. Timazi akisema hakuchimba shimo, kampuni ina haki ya kusema alivunja sharti, na chumba cha watu atakijenga kwa fedha zake. Fedha hizo hana. Alicho nacho ni mashine ya kuchanganyia zege, aliyoinunua kwa miaka ya kujinyima, na bila mashine hiyo anarudi kuwa kibarua wa mafundi wengine. Akisema mzee alidanganya, kampuni itasema mwenye ukuta alijitakia, na Mzee Pindo atabaki na magofu ilhali riziki yake ni kufupisha suruali. Tena atakuwa ameumbuliwa mbele ya mkewe.

Siku zilizofuata zilikuwa za mwiba kooni. Wazee walihamia sebuleni, cherehani ikabanwa kando ya meza ya kulia. Kila asubuhi Timazi alikuja kukagua vioo, na kila asubuhi alimkuta mzee mlangoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Basi. Kabla ya ufa, salamu hiyo ilikuwa ikizaa soga mpaka zege linaganda.

Wapita njia nao hawakuwa na huruma. Methali ya ufa na ukuta kila mtu anaijua, na kila aliyepita aliona ni wajibu wake kumkumbusha fundi. Mmoja aliitupa akiwa juu ya baiskeli, bila hata kupunguza mwendo. Timazi, ambaye kwa kawaida ulimi wake hauna breki, aligeukia vioo vyake.

Nyumbani hakupumzika.

"Mama watoto, yule si baba yako," mumewe alimwambia.

"Angekuwa baba yangu ningemsema bila wasiwasi," alijibu. "Huyu ni baba wa watu."

Mumewe si mtu wa roho mbaya. Anakiri kwamba hofu ndiyo iliyokuwa ikiongea. "Niliona mashine inaondoka," anasema. "Nilikuwa naiota inavutwa na watu nisiowajua, na mimi nawasaidia kusukuma."

Jana, jua likielekea kuzama, Mzee Pindo alivuka mwenyewe hadi kwenye mtaro. Alisimama kando ya magunia, akayaangalia kama anayeyasoma.

"Fundi, kesho utasema nini?"

"Sijui, mzee," Timazi alimjibu. "Wewe utasema nini?"

Mzee alitikisa kichwa, akageuka, akarudi kwake. Timazi anasema angetukanwa angepata nafuu zaidi.

Na leo ndiyo kesho yenyewe. Saa nne na dakika chache mkaguzi anafika, mwanamume mrefu mwenye viatu vya mpira na sauti ya chini. Anazunguka nyumba, anapiga picha, anaisukuma mihimili kwa bega kuona kama imekaza.

"Nani aliegemeza?"

"Mimi," Timazi anajibu.

"Umefanya vizuri. Mngesubiri tuje, tungekuta kifusi."

Ni neno jema la kwanza kulisikia tangu siku ile, lakini halimtulizi. Mikono ameificha nyuma. Mke wa mzee ameletewa kiti, amekaa ukingoni mwa mtaro, mtandio ameufunga kiunoni tayari kwa ushahidi. Mzee Pindo amesimama nyuma ya kiti.

"Toeni magunia," mkaguzi anasema. "Nataka kuona mguu wa ukuta."

Mume wa Timazi anamwangalia mkewe, anainama. Gunia la kwanza linatoka, kisha la pili. Kabla hajagusa jingine, mkaguzi anauliza bila kuinua macho kutoka kwenye kamera yake:

"Kabla ya kuchimba, nani alikagua msingi wa ukuta huu?"

Mume wa Timazi anarudi nyuma hatua moja.

"Ukuta una msingi wa mawe," mke wa mzee anawajibia wote.

Timazi anafungua kinywa, anakifunga. Anayemtazama anaona kabisa kwamba hajui neno gani litatoka.

"Sikukagua," anasema. "Sharti lilinitaka nichimbe shimo. Sikuchimba. Kosa ni langu."

Mumewe anafumba macho.

"Miaka yote hiyo kwenye misingi," mkaguzi anasema, tena bila ukali, "na hukuchimba shimo la asubuhi moja. Kwa nini?"

"Niliona haya."

"Haya ya nini?"

Hapo Timazi anatazama chini. Angetamka jibu, angekuwa amejivua lawama zote na kumvisha mwingine. Mkaguzi anasubiri, kisha anarudia swali.

"Alinionea haya mimi."

Ni Mzee Pindo. Amevua kofia na anaikunja mikononi.

"Binti huyu aliniuliza. Nikamwambia kuna mawe hadi gotini. Hakuna mawe. Hayajawahi kuwepo. Toeni hayo magunia mwone."

Hakuna anayeyagusa. Wote wanamwangalia mkewe, ambaye hajageuka. Anautazama ukuta ulio mbele yake.

"Mawe yalichelewa," mzee anauambia mgongo wa mkewe. "Nawe ulikuwa unarudi. Nilikuahidi ukirudi utakuta chumba. Nikapanga tofali juu ya ardhi, nikasema nitakuambia baadaye. Kila mwaka ikawa vigumu zaidi."

Mwanamke anaufungua mtandio kiunoni.

"Miaka yote hii," anasema hatimaye, "nimelala juu ya neno lako."

Anainuka, anabeba kiti chake mwenyewe, anaingia ndani. Mlango haubamizwi, na pengine mzee angependelea ubamizwe.

Mkaguzi, ambaye bila shaka ameona mengi kwenye mitaro ya watu, anashusha kamera. Anawaambia ataandika yote kama yalivyosemwa: kwamba fundi hakuchimba shimo, na kwamba aliuliza akapewa jibu lisilo la kweli.

"Uamuzi si wangu," anasema. "Lakini ni afadhali niandike maneno yenu kuliko nibuni yangu."

Gunia lililobaki analitoa mwenyewe, anapiga picha anayoihitaji, anaaga kwa kumshika kila mmoja mkono.

"Nilijua nimekwisha," Timazi anasema baadaye kuhusu siku ile. "Lakini nililala fofofo. Mume wangu ndiye aliyekesha, akigeuka huku na huku kama chapati."

Jibu la kampuni lilichukua majuma, na kwa majuma hayo Timazi hakuthubutu kutafuta kazi nyingine. Hatimaye simu ikalia. Ajali imehesabiwa kuwa ajali. Kampuni itaujenga upya ukuta, isipokuwa sehemu ya gharama ambayo fundi ataibeba kwa kutotimiza sharti. Sehemu hiyo imeimeza faida yake yote ya kazi ile. Mashine, hata hivyo, imebaki uani kwake, na mumewe ameinunulia turubai jipya.

Lilikuwepo jambo moja zaidi, ambalo dada wa kampuni aliyepiga simu alilieleza kwa upole. Bima humrudishia mtu kilichokuwepo, haimwongezei. Kilichokuwepo ni ukuta usio na msingi. Kwa hiyo kampuni italipia matofali, plasta na dirisha. Msingi hailipii, maana haukuwepo.

"Nilicheka mpaka simu ikaniponyoka," Timazi anasema. "Yaani niupandishe juu ya udongo tena, kwa sababu ndivyo ulivyokuwa? Nikamwambia, dada, matofali nimepokea, ahsante sana. Habari za msingi tutajuana mimi na mzee."

Wamejuana. Mawe yametolewa na mwenye kiwanja, ni yale yaliyobaki kwenye kazi yake. Nguvu ni ya Timazi na mafundi wake. Mzee Pindo anawashonea wote ovaroli, kila mmoja kwa kipimo chake, na mume wa Timazi amepimwa mara mbili kwa kuwa mara ya kwanza alibana tumbo.

Kampuni haijasema kama itampa Timazi bima tena. Bila hiyo hakuna mwenye kiwanja cha kubanana atakayempa kazi, na viwanja vya siku hizi vyote vimebanana. Anaogopa, na hafichi kwamba anaogopa. Tumaini lake ni kwamba ile ripoti ya mkaguzi itamtetea. Huku akisubiri, anayafanyia mazoezi maneno atakayomwambia jirani wa kazi ijayo.

"Nitasema, baba, nakuamini. Shimo nalichimba kwa ajili ya ukuta, si kwa ajili yako. Akikasirika, akasirike. Mzee akikukasirikia ni kwamba yu hai."

Mtaro mpya uko wazi sasa, pale ulipokuwa ukuta wa zamani. Mawe yamepangwa, mashine inanguruma, zege linakaribia kuwa tayari. Mke wa Mzee Pindo, ambaye tangu siku ya mkaguzi anazungumza na mumewe habari za maji na chumvi tu, anatoka ndani, anavua ndala, anamwambia Timazi asimwage bado.

"Nataka kushuka nione."

"Bibi, kuna utelezi."

"Nimeshaambiwa vya kutosha, mwanangu. Nishushe."

Timazi anamshika kiwiko, anamteremsha taratibu. Chini, mwanamke mzee anainama na kupitisha kiganja juu ya mawe, moja baada ya jingine, mpaka kona ya mwisho. Anayakanyaga kwa kisigino. Hayatikisiki. Juu ya ukingo, Mzee Pindo amesimama, ndala za mkewe mkononi, hajui aziweke wapi.

Mafundi wawili wananyoosha mikono ili kumvuta. Anawapita.

"Mzee wangu," anasema, "nipe mkono nitoke."